Kuhesabu maudhui ya ndani redioni: mwongozo kwa vituo vya Nyanda za Juu Kusini

Ingia studio yoyote ya Mwanjelwa, Mbeya, au Kihesa, Iringa, saa 3 asubuhi, kipindi kimenoga, uulize: leo mmepiga nyimbo ngapi za Kitanzania? Utajibiwa "nyingi." Huenda ni kweli kabisa. Ila anayekuja kukagua leseni anataka namba, tarehe na saa, na hivyo vitatu hakuna mtangazaji anayeweza kuvikumbuka kichwani.

Nimetunza maktaba ya nyimbo kwenye redio za mikoa hii kwa miaka kadhaa. Kituo kimoja nilichofanyia kazi kilitakiwa kuonyesha hesabu ya miezi mitatu, na hatukuwa na hata ukurasa mmoja. Tulikesha watu wawili tukisikiliza rekodi za hewani, tunaandika kila wimbo kwenye kaunta buku. Wimbo ambao hatukumjua mwimbaji tuliupa jina la kiitikio chake. Mpaka adhana ya alfajiri inasikika tulikuwa tumemaliza siku nne tu kati ya tisini. Tangu hapo nafundisha jambo moja kwa kila kijana anayeingia maktaba: hesabu ya maudhui ya ndani, yaani kazi za Kitanzania unazorusha, hufanyika siku wimbo unapoingia kwenye kompyuta. Ukisubiri ripoti idaiwe, umeshachelewa.

Hatua ya 1: Soma leseni yako, ya jirani muachie mwenyewe

Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, hutoa leseni za maudhui kwa ngazi ya taifa, mkoa na wilaya, na hutenganisha kituo cha biashara na kisicho cha biashara. Kwa hiyo redio ya jamii iliyoko Makete na redio ya biashara iliyoko Mbeya mjini zinaweza kuwa zinadaiwa mambo tofauti, hata kama watangazaji wake ni marafiki na wanapeana ushauri kwenye WhatsApp. Sheria mama ni ile ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010, na chini yake zipo kanuni za maudhui ya redio na televisheni za mwaka 2018 pamoja na marekebisho yake.

Chapisha leseni na kanuni hizo kwenye karatasi. Chukua peni ya rangi, upigie mstari vitu vinne: asilimia unayodaiwa, ni asilimia ya nini (muda wote wa matangazo, vipindi, au muziki peke yake), inapimwa kwa siku, wiki au mwezi, na kama kuna saa maalumu zinazotajwa. Yaandike majibu kwenye karatasi moja na uibandike ukutani karibu na mixer, mahali ambapo hata mtangazaji wa zamu ya usiku ataiona.

Usipoelewa kipengele, iandikie barua ofisi ya TCRA ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, ipo hapa Mbeya. Iwe barua yenye muhuri, na jibu lake liingie kwenye faili. Maelezo ya simu hayana kumbukumbu, na ofisa uliyeongea naye leo mwakani anaweza kuwa amehamishiwa kanda nyingine.

Tena usibebe asilimia ya nchi nyingine uliyoisikia kwenye semina. Kanada inataka asilimia 35 kwa muziki wa kawaida wa redio, Ufaransa iliweka 40 kwa nyimbo za Kifaransa kuanzia mwaka 1996, Nigeria inataka 60 kwa televisheni. Kila namba hapo inapimwa kwa kipimo chake, na hakuna hata moja inayokuhusu.

Hatua ya 2: Jua unagawanya kwa kitu gani

Hapa ndipo vituo vingi hujidanganya bila kukusudia, kwa hiyo nitakwenda polepole.

Tuseme redio yako inafungua saa 11 alfajiri na kufunga saa 5 usiku. Hizo ni saa 18 kwa siku, saa 126 kwa wiki. Ndani yake kuna saa 10 za habari, saa 14 za matangazo ya biashara na saa 6 za mpira wa moja kwa moja. Jumla 30. Muziki na vipindi vingine vinabaki saa 96, na katika hizo, saa 54 ni za Kitanzania.

Ukigawanya 54 kwa 96 unapata asilimia 56.25. Sasa hesabu habari, matangazo na mpira kuwa ni vya ndani, ugawanye kwa muda wote: 84 kwa 126, unapata karibu asilimia 67. Wiki ni ile ile, watangazaji wale wale, nyimbo zile zile. Kama unadaiwa 60, hesabu moja inakuangusha na nyingine inakuvusha.

Siyo suala letu peke yetu. Umoja wa Ulaya ulipoweka kanuni ya televisheni mwaka 1989, kwamba sehemu kubwa ya muda iwe ya kazi za Ulaya, ulitoa kwenye hesabu habari, michezo na matangazo ya biashara. Sababu yake inaeleweka: habari ungezisoma tu, kanuni iwepo isiwepo. Lengo lilikuwa kumpa nafasi mtunzi, mwigizaji na mpiga ala, ambaye asipolindwa atafunikwa na kazi za bei rahisi kutoka nje.

Ushauri wangu: fanya hesabu zote mbili kila wiki. Ripoti ipeleke kwa kipimo kinachotajwa kwenye leseni yako. Lakini ile ngumu, isiyo na habari wala mpira, iweke mezani kwa mkuu wa vipindi, maana ndiyo inayowaambia ukweli kuhusu redio yenu.

Hatua ya 3: Amueni wimbo upi ni wa nyumbani

Wimbo wa bendi ya Mbeya ulioandikwa, kupigwa na kurekodiwa Mbeya hauna mjadala. Mjadala unaanzia mipakani, Tunduma na Kasumulu. Msanii wa Mbozi anaimba, biti imetengenezwa Lusaka, kiitikio amepewa Mzambia. Au kwaya ya Kyela inaimba kwa Kinyakyusa wimbo uliotungwa ng'ambo ya mto Songwe, kwa ndugu zao Wangonde wa Malawi. Huu ni wa ndani au wa nje?

Kanada walikutana na swali hili mapema, mwaka 1971, wakatengeneza kipimo cha vitu vinne: muziki ametunga nani, mwimbaji ni nani, umerekodiwa wapi, na maneno ameandika nani. Viwili kati ya vinne vikiwa vya Kanada, wimbo ni wa Kanada. Kipimo chepesi, hata mtangazaji mgeni anakielewa kwa dakika tano. Kilikuja kuwaumiza mwaka 1991, pale nyimbo mpya za Bryan Adams, mwimbaji wao mkubwa kuliko wote wakati ule, zilipokataliwa kuwa za Kanada. Alikuwa ametunga pamoja na Mutt Lange, mzaliwa wa Mufulira huko Zambia, na kurekodi kwa kiasi kikubwa nje ya nchi. Kelele zilipigwa, na mwaka 1993 kanuni ikarekebishwa ili utunzi wa pamoja na mgeni uhesabike.

Neno la mwisho kwako ni la kanuni za Tanzania. Lakini kwa kazi ya kila siku maktaba inahitaji karatasi yake ya vigezo, ili wimbo mmoja usiitwe wa ndani na zamu ya asubuhi halafu wa nje na zamu ya jioni. Kaeni mkutubi, mkuu wa vipindi na fundi mitambo, mtazame vitu vile vinne kwa kila kolabo. Mkikwama, uwekeni wimbo upande wa nje. Hasara ya wimbo mmoja ni ndogo kuliko ya kuonekana mlipika hesabu.

Hatua ya 4: Mlango wa maktaba uwe mmoja

Nyimbo nyingi huingia studio kwa fleshi, Bluetooth na WhatsApp. Faili linaitwa "AUD-20" na namba ndefu, au "New hit final final". DJ analiburuta moja kwa moja kwenye kompyuta ya hewani, linapigwa wiki nzima, na hakuna anayejua la nani.

Zuia hapo. Kompyuta ya hewani isipokee fleshi. Kila faili lipite kwa mtu mmoja, na lisiende hewani kabla ya kujazwa haya:

jina la wimbo na la mwimbaji kama anavyoliandika mwenyewe, mtunzi wa muziki na wa maneno, prodyuza, studio na mji, mwaka, lugha, wilaya anakotoka msanii, alama ya N kwa nyumbani au G kwa geni, na namba ya ISRC kama anayo, ile yenye herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi moja duniani kote.

Safu ya wilaya watu huiona ya ziada. Mimi naitetea kwa nguvu zangu zote. Bila hiyo utafikisha asilimia yako kwa nyimbo za Dar es Salaam peke yake, na kijana wa Mafinga au Makambako hatasikika kwenye redio iliyo umbali wa kilomita chache kutoka kwao. Siku ya kwanza tulipochuja maktaba yetu kwa safu ile, tulikuta kwenye nyimbo mia mbili za Kitanzania zilizokuwa zikizunguka, kumi na moja tu zilitoka mikoa ya Mbeya, Iringa, Njombe, Songwe na Rukwa kwa pamoja. Tulinyamaza kidogo, kisha tukaanza kupiga simu.

Programu nyingi za kurushia matangazo hutunza zenyewe orodha ya kilichopigwa na saa yake. Hakikisha imewashwa, na kila Jumapili usiku nakala ihamishiwe kwenye diski ya nje. Umeme wa kwetu unajulikana, hasa radi za Novemba hadi Aprili.

Hatua ya 5: Gawa kwa saa, usigawe kwa siku

Kituo kinaweza kutimiza sehemu kubwa ya asilimia yake kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, wakati wasikilizaji wengi wamelala. Huko Kanada tabia hiyo ilizoeleka, na sasa redio za biashara zinatakiwa kufikisha asilimia 35 pia kati ya saa 12 asubuhi na saa 12 jioni, Jumatatu hadi Ijumaa. Ufaransa nao wanahesabu nyimbo zilizopigwa saa ambazo watu wanasikiliza kweli. Mwaka 2016 wakaongeza jingine: kama zaidi ya nusu ya nyimbo za Kifaransa ulizopiga ni nyimbo kumi zile zile, ziada ya hapo haihesabiwi.

Fanya hivi. Chora saa moja ya kipindi cha asubuhi kwenye karatasi, mduara kama uso wa saa. Kama unaingiza nyimbo 10, weka 7 za nyumbani. Kati ya hizo 7, mbili ziwe za mikoa yetu na moja iwe ya zamani. Za nje 3 zisikae mbili pamoja. Wimbo wa kwanza baada ya taarifa ya habari ya saa 1 uwe wa nyumbani kila siku, kwa sababu hapo ndipo redio zinakuwa zimewashwa kwenye daladala za Uyole na Mbalizi, na kwenye maduka ya Miyomboni. Mchoro huo ukikubalika, ingiza kwenye programu kama kiolezo, DJ abaki na uhuru wa kuchagua wimbo upi, siyo wa aina gani.

Wala usipandishe kiwango kwa ghafla. Mei 2016 shirika la utangazaji la Afrika Kusini, SABC, lilitangaza asilimia 90 ya muziki wa ndani kwenye redio zake. Wasanii wengi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini baadhi ya vituo vilipoteza wasikilizaji na mapato ya matangazo, na uamuzi ule haukudumu. Panda kwa asilimia tatu au nne kwa mwezi, huku maktaba ikijazwa.

Hatua ya 6: Rekodi mwenyewe

Maktaba ikikosa kazi za kwenu, nenda ukazirekodi. Ndivyo Redio Tanzania Dar es Salaam ilivyofanya: bendi ziliingia studio ya redio, zikarekodiwa kwenye kanda, na kanda hizo leo ni hazina ya taifa. Hugh Tracey alipita Iringa mwaka 1950 akirekodi Wahehe, na kazi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini. Inauma kufikiri kwamba kusikia ligombo, ala ya nyuzi ya Wahehe, la babu yako inabidi uulizie huko, wakati Kalenga, nyumbani kwa Wahehe, ipo kilomita chache kutoka Iringa mjini.

Ligombo lina sauti ndogo. Nilivyolirekodi mara ya kwanza niliweka maikrofoni mbele ya mdomo wa mwimbaji, nikapata sauti yake na kuku wa uani, nyuzi hazikusikika. Mzee akanitazama akasema, "Mwanangu, hiki chombo kinanong'ona. Kisogelee." Tangu hapo naweka maikrofoni ya pili kiasi cha kiganja kimoja kutoka kwenye nyuzi, upande zinapopita juu ya mwili wa mti, na mwimbaji namsogeza aimbe kwa pembeni kidogo.

Kwaya za Rungwe zina shida nyingine: kanisa la bati na mvua isiyoaga. Rekodi asubuhi mapema kabla ya mawingu kushuka. Tundika vitenge au mablanketi kwenye ukuta wa nyuma ya waimbaji, kwa sababu saruji tupu inarudisha sauti na maneno yanachanganyika. Rekodi kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), kHz 48, achana na MP3 mpaka mwisho. Zima jenereta. Mwambie mwalimu wa kwaya awaimbishe mara tatu, maana ya kwanza watu wana woga na ya tatu huwa wamechoka. Ya pili ndiyo utakayoitumia.

Kabla hujafungasha nyaya, chukua ridhaa. Karatasi moja yenye majina, tarehe, mahali, na kwamba kituo kinaruhusiwa kurusha. Umiliki wa wimbo unabaki kwao. Asiyeandika aseme ridhaa yake mwanzoni mwa rekodi. Mama mmoja wa kwaya huko Tukuyu aliwahi kuniuliza, "Mtaupiga, halafu sisi tutajuaje?" Swali la haki kabisa. Tangu siku ile nawaachia siku na saa wimbo utakapopigwa, na naheshimu.

Nyimbo za Kihehe, Kibena, Kisafwa au Kinyakyusa zisindikize na maelezo ya Kiswahili. Lugha ya kutangazia ni Kiswahili au Kiingereza, kwa hiyo mtangazaji aseme kwa Kiswahili wimbo unahusu nini, na tafsiri ya maneno ikae kwenye faili la wimbo. Itakusaidia pia kujua kama ndani yake hamna tusi lililofichwa kwenye fumbo.

Rekodi kumi kwa mwezi zinatosha kwa kuanzia. Kwa mwaka una nyimbo 120 ambazo hakuna kituo kingine kinazo.

Hatua ya 7: Kwa wenye televisheni

Kosa kubwa ninaloliona ni kuhesabu tamthilia iliyotiwa sauti za Kiswahili kuwa ya ndani. Mwaka 2011 TBC ilionyesha tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili, ikapendwa mno. Kiswahili kilipata faida, na waliotia sauti walilipwa. Lakini hadithi, waigizaji na mitaa yake vilibaki vya China. Iandike kwenye safu yake peke yake, usiichanganye.

Marudio nayo yahesabu kando. Kipindi kimoja cha kilimo cha viazi kutoka Isyonje kikirudiwa mara sita kwa wiki, umetengeneza kipindi kimoja.

Hatua ya 8: Jumatatu saa 4 asubuhi

Usingoje mwisho wa mwezi. Kila Jumatatu, kabla ya kikao cha vipindi, mkutubi atoe orodha ya wiki kutoka kwenye programu, achuje N na G, na ajaze ukurasa mmoja: saa zote, saa za nyumbani, asilimia kwa hesabu zote mbili, asilimia ya mchana peke yake, idadi ya nyimbo za mikoa yetu, na rekodi mpya zilizoingia. Mkuu wa vipindi asaini, ukurasa uingie kwenye faili. Ukizoea ni kazi ya dakika arobaini.

Asilimia ikishuka, utajua ni zamu ipi. Mara nyingi ni Jumamosi usiku. Ongea na DJ wake ana kwa ana, muonyeshe karatasi, muulize anakosa nyimbo zipi. Tumegundua mara mbili kwamba kijana alikuwa hana wimbo wa Kitanzania wenye kasi ya kumtosha, akaenda kuutafuta kwa wenzetu wa nje. Hilo ni deni la maktaba, na maktaba ilipe.

Orodha hiyo hiyo ina kazi ya pili. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inampa mtunzi haki ya kulipwa kazi yake inaporushwa, na mgawo wa mirabaha unategemea kujua nani kapigwa mara ngapi. Wanaokusanya mirabaha wakidai orodha, wapeni iliyojaa: mtunzi, mwimbaji, tarehe, saa. Halafu nakala ya mistari inayomhusu mtumie msanii mwenyewe. Yule mama wa Tukuyu tulimtumia yake kwa simu ya mwalimu wa kwaya: mara tisa mwezi wa kwanza, mara saba kati ya hizo kabla ya saa 12 jioni.